Ubao Uliopakwa Samli

Asubuhi hiyo Mzee Nashoni alikuja kwenye benchi la Eunice muuza kahawa, hapa Nkende, Tarime, na ubao wake kifuani kaufunika koti kwa baridi. Macho yalimzimika zamani, na binti yake Nice, anayekaa Mugumu kwa baba yake mdogo, hasikii wala hasemi. Watafiti waliokuwa wakiujaribu ubao huo ndio waliowaunganisha: Nice akiandika kwenye simu, uso laini wa ubao unavimba nukta nundu, mzee anasoma kwa vidole bila kumwomba mtu. Wiki mbili sasa haujavimba. Kosa ni la mzee mwenyewe. Miaka arobaini alikuwa fundi ngozi. Aliposikia ubao unakakamaa, akaupaka samli kama alivyozoea kulainisha ngozi. Hilo alilimeza peke yake, na kwa aibu akawakataza wenzake wa benchini, Waya na Bunge, wasimwandikie Nice kwamba umeharibika.

Waya: Ni chaji tu. Betri likiona baridi ya Tarime linajikunyata.

Bunge: Chaji wapi? Hiyo kitu ni ngozi ya chura wa Ulaya. Inangoja mvua.

Waya: Basi tuipinde kidogo ishtuke. Samaki mkunje angali mbichi.

Bunge: Ukiipinda, inakasirika. Nasikia zingine zinavimba mpaka zinakuwa godoro.

Nashoni: Mniache. Itapona.

Bodaboda ikasimama. Eunice akamwambia mzee kwamba Nice ndiye anayeshuka, na mzee akanyoosha mkono kwa furaha. Nice hakuushika. Aliandika kwenye simu, akautazama ubao magotini pa baba yake, ukabaki bapa. Akampa Waya simu asome.

Waya: "Baba, nilikuuliza kama naweza kumkataa yule mwanamume wa Issenye. Nikangoja siku kumi."

Akaishusha simu.

Nashoni: Soma.

Waya: "Baba mdogo akasema kimya chako ni ndiyo. Ng'ombe wa mahari wamepokelewa jana."

Nashoni alipapasa ubao kona hadi kona, na vidole vyake havikukuta kitu ila mafuta. Nice akaichukua simu, akaandika maneno machache, akairudisha.

Waya: Anauliza, "Baba, ulisoma?"

Bunge aliangalia barabarani. Waya aliweka kidole gumba juu ya herufi, akangoja mzee amwambie aandike nini. Alingoja mpaka simu ikazima mwanga.