Beseni la Sista Zenebech Halina Mrithi

Sista Zenebech Anjulo anastaafu tarehe 30 ya mwezi wa Sene, siku ya mwisho ya mwaka wa bajeti, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Kituo cha Afya cha Gamuto, hapa kwetu Wolaita. Mhariri wa jarida ameniomba niandike kwa uchangamfu. Mimi ni mtunza dawa, nimefanya kazi naye mlango kwa mlango, na nitajitahidi. Mniwie radhi nikishindwa.

Alipofika hapa akiwa muuguzi kijana, wenye matende hawakuja kituoni kabisa. Ilisemekana ni damu ya ukoo: mmoja akivimba miguu, dada zake wote hawaposwi. Kahawa walikaribishwa, maana kumnyima jirani kahawa ni aibu, lakini kikombe cha mwenye matende kilikuwa chake peke yake, na kilikaa nje, mbali na vingine.

Kisha wakaja watafiti, wakathibitisha kwamba si damu, si laana, wala si mbu. Ni udongo wetu mwekundu, unaopenya ngozi ya anayelima pekupeku miaka nenda miaka rudi. Na tiba? Maji, sabuni, mafuta, bendeji na viatu. Mimi nilicheka, nikidhani sayansi ingetuletea kitu kikubwa zaidi. Sista hakucheka. Alikwenda kutafuta beseni.

Jumatano ikawa siku ya miguu, na utaratibu wake haukubadilika: kabla ya kuosha, kahawa ya siagi na chumvi, katika kikombe cha Sista mwenyewe, inazunguka kwa wote. Yeye alikunywa wa mwisho. Mzee Balta, aliyezeeka na kikombe chake cha nje, siku ya kwanza alikataa.

"Utaambukizwa, binti yangu."

"Kunywa, baba, kahawa inapoa. Nikivimba, utaniosha wewe."

Mzee alicheka hadi akajimwagia. Tangu siku hiyo hakukosa Jumatano, iwe mvua iwe jua.

Wenye kumbukumbu hawajasahau kisa cha viatu. Tuliwagawia watoto wote wa shule. Wiki haikuisha, Sista akakutana nao njiani, pekupeku kwenye tope, viatu vinaning'inia shingoni. "Ni vipya, Sista! Tunavitunza visichafuke!" wakamwambia kwa fahari. "Ahaa, kwa hiyo mnatunza raba, miguu mnaitupa!" Aliwaendea mama zao nyumba hadi nyumba mpaka wakamwelewa. Siku hizi mtoto akivua viatu shambani, wenzake ndio wanaomzomea.

Katika matunda ya kazi yake, la kwanza ni Tadelech. Aliletwa akiwa msichana mdogo, amefunika miguu kwa kanga ya mama yake. Leo ameolewa, ana mtoto, na anaosha wagonjwa pamoja na Sista kwa kujitolea. Sista mwenyewe husema mwanafunzi amempita mwalimu, na yeye si mtu wa kusifu ovyo.

Matokeo ya utafiti yalipotangazwa, wakubwa walikuja, wakala, wakahutubia. "Utafiti umemaliza kazi yake," alisema mmoja wao, "sasa ni zamu ya serikali." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na viganja vyangu navionea haya. Fedha za watafiti zilikuwa za kutafuta jibu; jibu lilipopatikana, zikaisha. Fedha za umma za kulitumia jibu hilo hazijafika hadi leo. Kila Sene tuliomba, kila Hamle, mwezi unaofuata, bajeti mpya ikianza, tuliambiwa tungoje mwaka ujao. Sabuni tukawa tunachangishana wenyewe.

Mwaka jana likaja kundi jingine la watafiti, vijana wenye adabu kweli, kuchunguza kwa nini watu wameanza kuacha kuosha miguu. Sista akawakaribisha kahawa, akawajibu kabla hawajauliza: "Sabuni imekwisha, wanangu. Andikeni hivyo, mrudi kwenu salama." Tulicheka sana siku ile. Sasa nikikumbuka sicheki.

Mwezi uliopita alikwenda ofisi ya wilaya kuomba jambo moja tu: Tadelech aajiriwe mahali pake. Walimpokea vizuri, wakamletea kiti. "Sista, nafasi yako inastaafu pamoja nawe," wakamwambia. Alirudi akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameketi pale. Tadelech naye mumewe amesema imetosha: mke ana mtoto wa kulea na shamba la kulima, hawezi kufanya kazi ya serikali bure mpaka uzeeni. Siwezi kumlaumu.

Jumatano iliyopita, ya mwisho kwake, Mzee Balta alikuja na kitu amekifunga kwenye kitambaa. Alipokifungua, kilikuwa kile kikombe chake cha zamani.

"Cha nini tena hicho, baba?"

"Nijizoeze, binti yangu. Ukishaondoka, nani atakunywa na mimi?"

Sista alikichukua, akakijaza kahawa, na kwa mara ya kwanza akanywa yeye kabla ya wote. Kisha akapiga magoti, akaanza kuosha. Alilia, na sisi tulilia.

Sista Zenebech, Gamuto inakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa kahawa yako. Uwe na mapumziko mema, usingizi wa kutosha na wajukuu wenye viatu. Beseni tumelisugua, tumeliegemeza ukutani, pale pale ulipoliacha. Jumatano ijayo Mzee Balta atakuja, maana hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia asije.