Kompyuta Isiyozimwa

Kwenye treni, mbele yangu, fundi cherehani alikuwa amepakata kompyuta aliyoiunda mwenyewe ndani ya boksi la viatu. Ilikuwa inawaka, kwa betri ya pikipiki.

"Kaka, si uizime tu?" abiria wa pembeni akamuuliza.

"Thubutu! Mfumo wake wa kuiendesha tunautumia sisi wachache, si huo wenu wa madukani. Leo ndiyo umekubali kutoa sauti. Nikiizima, sijui kama itawaka tena. Nampelekea shemeji aisikie, maana ananiona chizi."

"Kwani inafanya kazi gani?"

"Si unaona inawaka?"

Treni ikasimama. Nilitaka kucheka, ila yangu ya mfumo huohuo nimeiacha nyumbani ikiwaka, na leo mama mkwe anakuja kupiga pasi, na soketi ni hiyo moja tu.