Shangazi Pamba Anastaafu, Ganzi Imebaki

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, muuguzi wetu, Shangazi Pamba, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajikaza, ingawa moyo umegoma.

Alipofika wodi ya upasuaji wa taya, mgonjwa aliyebaki na ganzi mdomoni aliambiwa avumilie tu. Shangazi hakulimeza hilo. Mara tatu kwa siku alimkalisha mbele ya kioo, apapase mdomo kwa brashi laini huku akijitazama, mpaka ubongo ujifunze upya. Kila wiki alimfumbisha macho na kumgusa kidevu kwa pamba. Akihisi, aseme "hapo". Pasipohisi, Shangazi alipapaka wino wa bluu kwenye mchoro wa uso. Hata madaktari hakuwaacha. Aliwasihi wasiuvute mshipa wa fahamu wanapokata taya, hadi mmoja akamwambia ashike msumeno mwenyewe.

Wengi bluu yao iliisha. Ndiyo maana alimshawishi mwalimu mmoja, binti wa kaka yake, anyooshwe taya kwa upasuaji: ganzi ni ya miezi michache tu, alimwambia. Mwalimu akawa anatiririkwa na chai kidevuni bila kujua, akaacha kula mbele ya watu. Lakini mchoro wake ulizidi kuwa mweupe mwezi hadi mwezi, na Shangazi akatununulia soda wodi nzima.

Mwezi wa kumi na nne baada ya upasuaji, pamba ilimdondoka Shangazi kabla hajagusa. Mwalimu, macho kayafumba, akasema "hapo". Shangazi akainua mkono mtupu, kama anayetaka kugusa tena. "Hapo, Shangazi," mwalimu akarudia.

Kumbe Shangazi huzuia pumzi kabla ya kugusa. Sisi tunajua, tunamtania kila siku. Mwalimu alikuwa akiisikiliza pumzi hiyo. Alisema hakutaka shangazi yake astaafu na huzuni. Shangazi alikaa, akaupaka mchoro bluu yote upya. Yeye hakulia. Nililia mimi.

Daktari anasema sasa tumaini ni dogo mno. Jana Shangazi alikabidhi funguo, akaomba bunda moja tu la pamba. Siku hizi kila jioni anamgusa mwalimu nyumbani, redio ikiwa juu ili pumzi isisikike. Mwalimu hukaa kimya mpaka mwisho.

Asante, Shangazi, kwa kila mdomo ulioamka mikononi mwako. Tunakuombea mapumziko mema, na "hapo" moja tu, ya kweli.