Mwalimu Jairus Wakoli, Aliyekataa Kuanzisha Mbio kwa Firimbi

Mwalimu Jairus Wakoli alizaliwa mwaka wa 1953. Ngoja, hapana. Hiyo 1953 ni ya kitambulisho, na karani aliyeiandika hakumuuliza mtu. Mwaka wenyewe ni 1954, ule mwaka nzige walimaliza wimbi yote mashambani upande wa Lwakhakha, kwa sababu mama yake, Mama Robai, alisema siku zote kwamba alimzaa huku nzige wakitembea juu ya nyasi za paa. Basi tuandike 1954, mwezi wa tano, nyumbani kwa Mzee Mukhwana. Alikuwa mtoto wa nne, na kijana wa pili baada ya kaka yake Makokha. Makokha ndiye alipewa miguu ya kuzunguka. Jairus alipewa ile ya kusimama mahali pamoja na kukataa kuondoka.

Kamati ya mazishi ilipokaa Jumanne, mtoto wake wa kwanza, naye anaitwa Mukhwana kama babu yake, aliomba mambo ya bastola yasisomwe hapa. Alisema sisi ni watu wa kanisa la Friends, kanisa lisilopenda silaha.

“Papa, weka tu alikuwa mdau wa michezo,” akamwambia baba yake mkubwa, Makokha.

“Mdau ndiye nani?”

“Si ni mtu... anahusika.”

“Baba yako hakuhusika. Alianzisha mbio. Watu wakasema kimbia, yeye akasema bado.”

Kwa hivyo bastola itasomwa, na risasi zake pia. Mchungaji atatusamehe.

Mwaka wa 1962 Mzee Mukhwana alihamia Kitale kukamua ng'ombe katika shamba la Mzungu, na baada ya Uhuru akapata kipande chake pale pale. Jairus alisomea shule ya shambani, akafika kidato cha pili, kisha akaenda chuo cha walimu na kutoka na cheti cha P3 mwishoni mwa 1974. Aliyemtia ugonjwa wa uwanjani ni Mwalimu Wanyoike, mkuu wa wenye saa, wale wanaopima mbio, katika michezo ya shule za Kitale. Wanyoike alimsimamisha pale utepe unapokatwa, akamwekea saa mkononi, akamwambia: “Tazama moshi. Usingoje mlio. Mlio unatembea kwa miguu, moshi unauona papo hapo.” Jairus alikuwa na miaka ishirini na moja. Hakuwahi kulisahau neno hilo, na aliokaa nao walitamani angelisahau.

Alifundisha katika shule tatu za Kitale na mbili za Bungoma, hesabu na mazoezi ya mwili, mpaka alipostaafu 2014. Lakini kazi aliyojulikana nayo ni ya mstarini. Kuanzia 1979 yeye ndiye aliyekuwa stata, mwanzisha mbio, wa michezo ya shule, na watoto walimwita Baruti. Bastola ilikuwa mali ya chama cha michezo, ikilala chini ya ufunguo kwenye kituo cha polisi. Ilikula risasi ya aina moja tu, ile ndogo ya thelathini na mbili, ambayo hata wakati huo ilikuwa imeanza kusahaulika duniani. Si risasi ya kuua. Haina chuma mbele. Ni ganda la shaba, baruti nyeusi kidogo, na mdomo uliozibwa kwa karatasi, na kwa urefu haipiti kifundo cha juu cha kidole. Ikilia, sauti yake ni kavu na inakatika mara moja. Halafu juu ya mkono wa Jairus kunasimama moshi mweupe, mzito, ambao hata mzee mwenye mtoto wa jicho anauona akiwa mwisho wa uwanja.

Hashim, mwenye duka la mipira na jezi karibu na msikiti wa Bungoma, ndiye aliyemwagizia kwa kibali, na kila mwaka walikosana.

“Mwalimu, Kenya nzima ni wewe peke yako waniagiza hizi. Chukua ishirini na mbili bana. Zimejaa mpaka naziuza na vumbi.”

“Ishirini na mbili inalia kama kijiti kimekanyagwa. Na moshi wake hautoshi mtu wa sigara.”

“Basi thelathini na nane.”

“Hiyo inaogopesha watoto. Mtoto akiruka kwa woga, hiyo si mbio, ni kukimbia vita.”

“Mwalimu, wewe ukifa mimi ndio nitapumzika.”

“Utanikosa, Hashim.”

Hashim ameketi pale nyuma leo.

Tusiifanye ile risasi malaika. Ilichelewa kufika, mwaka mwingine miezi, mwaka mwingine haikufika kabisa. Ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji safari. Ilimmwagia masizi kwenye mkono wa shati mpaka mkewe akaacha kumnunulia mashati meupe. Mvua ndefu za Kitale zilikuwa zikiingia ndani ya baruti, ikabonyezwa ikasema “tk” na kunyamaza. Na ilimla sikio la kulia. Daktari alimwambia azibe kwa pamba, naye akajibu kwamba stata aliyeziba sikio ni kama mpishi aliyeziba pua. Kufikia 2010 ulikuwa ukitaka kumsalimia unazunguka kwanza upande wa kushoto.

Mkewe, Phelista Nasimiyu wa Lugulu, alimpata kwa risasi hiyo hiyo. Ilikuwa michezo ya walimu, Bungoma, 1980. Phelista alikuwa mstari wa tatu na miguu yake ilisifika. Aliondoka kabla ya wakati, Jairus akafyatua ya pili ya kuwarudisha. Akaondoka tena. Akatolewa. Mbio zilipoisha alimfuata stata mbele ya watu.

“Wewe mwalimu, mguu wangu unaujua kuliko mimi mwenye mguu?”

“Mguu haunidanganyi, madam. Ni kichwa kilitaka kunidanganya.”

“Na kichwa chako kiko na nini, moshi tu?”

Walioana tarehe 12 Desemba 1981, kanisani Lugulu, na Mungu akawapa watoto watano. Ndiye Phelista aliyepata dawa ya unyevu. Alijaza mkebe wa majani chai kwa mchele mkavu, akaupeleka kituoni ili risasi zilale ndani yake. Askari wa zamu akafunua, akasema, “Mama Mukhwana, umetuletea chakula na hata hujapika?” Mkebe ulikaa pale miaka mingi, na kila msimu alikwenda kubadilisha mchele.

Sasa tufike 2015, uwanjani Kitale, mita mia za wasichana. Walikuwa wengi, wakagawanywa makundi matatu, na wa kuingia fainali walichaguliwa kwa saa. Makundi mawili ya kwanza yalianzishwa kwa bastola. La tatu likakuta risasi zimeisha, kwa sababu mzigo wa mwaka huo ulikuwa bado Nairobi. Mwenyekiti wa michezo, Bwana Kipkirui, akampa firimbi. Jairus akapuliza. Wenye saa, walio mita mia mbali, hawakuona kitu cha kuona, wakabonyeza sauti ilipowafikia, wasichana wakiwa wameshaondoka. Saa za kundi la tatu zikatoka nzuri ajabu. Msichana mmoja wa kundi la kwanza, Edah, aliyekimbia siku hiyo kama anayefukuzwa, akasukumwa nje kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho. Safari ya kwenda mbele ikaondoka bila yeye.

Edah alimjia Jairus ameshika viatu mkononi. “Mwalimu, si nimekimbia vizuri?”

“Umekimbia vizuri.”

“Sasa nimekosea wapi?”

Jairus alimpeleka kwa Kipkirui akataka kundi la tatu lirudiwe risasi zikifika. Kipkirui si mtu mbaya, na alilosema lina akili. “Mwalimu, kama ungetumia firimbi tangu asubuhi, wote wangepata sawa.”

“Wote wangepata uongo sawa.”

“Lakini hakuna mtu angelia.”

“Ndiyo sababu naikataa. Uongo wa risasi unajulikana, inasema tk, kila mtu anaona imekataa. Wa firimbi mtu anaenda nao nyumbani.”

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: asimame mstarini na moshi wake, ili mtoto mwingine asiachwe nje kwa saa isiyo ya kweli. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku tatu. Kwenye fainali risasi ikasema tk. Wasichana wanne wakatoka, wanne wakabaki, wazazi wakaingia uwanjani, na mmoja akamwita mchawi. Kipkirui akamletea firimbi mbele ya wote, ikiwa na kamba mpya.

“Mwalimu, kuanzia leo ni hii. Haina kibali, haina bei, hailowi.”

“Yote ni kweli,” Jairus akasema. “Na siipulizi.”

“Basi toka mstarini.”

Akatoka. Alikuwa amesimama pale miaka thelathini na saba.

Watu walisema ni kiburi. Acha waseme. Hakutukana mtu, hakwenda kwa magazeti. Kila Februari alivaa ile koti yake nyekundu ya stata, akaenda kwa ofisi ya michezo, akaomba risasi ziagizwe na wenye saa wafundishwe kutazama. Kila Februari akaambiwa arudi wiki ijayo. Michezo ikianza alisimama nje ya kamba pamoja na wazazi, na koti yake. Phelista alimwambia, “Baba Mukhwana, si upulize tu hiyo kitu, urudi ndani? Unaaibika.” Akamgeuzia sikio la kushoto ili asikie vizuri, akamwambia, “Mimi siaibiki. Wewe je, ungetaka nikuache ukimbie ile siku ya Bungoma?” Phelista alicheka mpaka akalia, na hakumwomba tena. Hayo amekubali yasomwe.

Mwaka wa 2021 alipatikana na sukari na presha. Alilima mahindi yake karibu na Kibabii, akapunguza chumvi na kulalamika juu yake. Agosti 2024 kiharusi kilishika upande wa kulia, na mkono ule uliozoea kuinuka ukabaki kwenye goti. Alitibiwa Lugulu, akatunzwa vizuri, na familia inawashukuru wauguzi. Alilala Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, alfajiri, Phelista akiwa amemshika mkono huo huo.

Ameacha mjane, Phelista Nasimiyu. Watoto Mukhwana, Joan, Robai, Wanyoike aliyepewa jina la mwalimu wake, na Linet. Wajukuu kumi na mmoja. Kaka yake Makokha. Na wengi aliowaambia bado mpaka wakajifunza kungoja. Edah yuko hapa. Sasa ni mwalimu, na ndiye aliyeomba kubeba msalaba. Bwana ampokee, ampumzishe mahali pasipo na mtu wa kumwambia atoke mstarini.

Limebaki jambo moja, na Mukhwana amesema likisomwa yeye atatoka nje. Mlango uko wazi. Jumatatu kabla ya kifo chake, michezo ya mwaka huu ikiwa imeisha, Bwana Kipkirui alikuja hospitalini na wenzake wawili, wakaleta matunda na maziwa. Lilikuwa jambo la heshima na tunawashukuru. Walimweleza ilivyokwenda vizuri kwa firimbi, hakuna fujo, hakuna kelele, kila kitu kwa wakati. Jairus alisikiliza yote kwa sikio la kushoto. Ulimi wake ulikuwa mzito, akatafuta maneno, akayapata. Mmoja akaanza kumenya ndizi. Mwingine akatazama simu. Kengele ya wageni ikalia, Kipkirui akamwekea mkono begani, akaenda. Jairus alikuwa amemuuliza hivi:

“Mwenyekiti, yule mtoto mliyemwacha nje mwaka huu, mna hakika alishindwa?”