Nguruwe wa Slava na Dakika Kumi na Tano

Aliyemwambia Jagoda kwanza alikuwa Verica muuza mikate, na alimwambia huku akimfungia mkate kwenye karatasi, bila kuinua macho, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Baba mkwe wako kapita hapa asubuhi, alisema. Ana bahasha mfukoni. Anasema nguruwe mmoja leo jioni atazaa watatu.

Jagoda hakuwa msemaji hata siku za furaha. Aligeuza kigari cha mtoto akarudi nyumbani. Bahasha hiyo aliijua. Ilitumwa na mumewe Rastko, dereva wa lori huko Slovenia, na ilikuwa ya nguruwe wa slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, ambayo ilibakiza wiki moja tu. Momir, mfugaji wa kijiji cha ng'ambo ya mto, alikuwa amewashikia nguruwe mpaka kesho saa sita mchana, baada ya hapo anampa mwingine. Na wageni wa slava hawaalikwi. Wanakuja wenyewe kila mwaka mpaka mmoja wenu afe, kwa hiyo huwezi kuwapigia simu uwaambie mwaka huu wasije. Tena hii ndiyo ilikuwa slava ya kwanza tangu mama mkwe, Stanojka, azikwe. Meza ikikosa nyama, hakuna atakayemsema mzee. Watasema Stanojka kaondoka na baraka zake, kaacha nyumba mikononi mwa yule binti asiyesema.

Kijiwe cha mzee na wenzake kilikuwa chini ya dirisha la jiko lake, ghorofa ya chini, jengo namba tisa. Kilikuwa benchi moja la mbao lililopungukiwa ubao wa kuegemea, debe la maganda ya mbegu za alizeti, na televisheni ndogo iliyowekwa kwenye kizingiti cha dirisha ikiwatazama walioko nje, umeme wa Jagoda, kahawa ya Jagoda. Wenye benchi walikuwa watatu. Profesa hakuwahi kufundisha mtu. Alikata tiketi kwenye mlango wa ukumbi wa michezo miaka thelathini, akaona kwamba elimu humwingia mtu kwa kukaa karibu nayo. Filimbi aliwahi kuwa refa. Wa tatu ni Tadija, baba mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Zege kwa sababu alikoroga zege maisha yake yote na shingo yake ikafanana nalo.

Siku hiyo, Ijumaa, timu ya mpira wa kikapu ya mjini ilikuwa ugenini kaskazini, na ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa alama kumi na nne. Hapo ndipo benchi lilipochangamka. Wao hawakuwa watu wa kubeti kabla ya mchezo. Hiyo, alisema Profesa, ni kazi ya vipofu. Mwenye akili hungoja mapumziko, duka la kamari ng'ambo ya daraja linapofungua hesabu mpya ya kipindi cha pili peke yake, sifuri kwa sifuri, na yeye ameshawaona wachezaji kwa macho yake. Simu hawakuitaka. Mkeka wa kweli ni wa karatasi, unaoweza kuukunja.

— Mpanda ngazi hushuka, alianza Profesa. Anayeongoza kwa kumi na nne anarudi uwanjani ameshiba. Weka yote kwa watu wetu, kipindi cha pili tu.

— Na mpanda ngazi akiamua kukaa hukohuko juu? aliuliza Filimbi.

— Juu hakuna viti, jirani.

Zege aligusa mfuko wa koti. Jagoda, aliyesimama nyuma ya pazia na mtoto begani, aliuona mkono ule ukienda na ukirudi.

Filimbi alisema hayo ya ngazi ni ya wajenzi. Yeye alikuwa na siri za ndani. Refa naye ana dhamiri, alisema. Kipindi cha kwanza kawaonea watu wetu, cha pili atalipa, na njia pekee anayoijua ya kulipa ni kupuliza filimbi. Mchezo utasimama kila baada ya pumzi mbili. Kwa hiyo asibeti timu yoyote. Abeti alama zitakuwa chache.

— Miaka kumi na moja nimepuliza filimbi hii, alisema.

— Ya watoto wa darasa la nne, alisema Zege.

— Mtoto si mtu?

Profesa alimkumbusha kwamba faulo huleta mitupo huru, na mitupo huru huleta alama.

— Kwa hawa wetu? alisema Filimbi. Hawa wakisimama darajani wakatupa jiwe, wataukosa mto Morava.

Zege alikubali kwamba hilo ni kweli, na kwa hiyo akahamia kwa Filimbi. Dakika ya tatu ya mapumziko ilikuwa imepita.

Kisha Jagoda akaleta kahawa. Kwa kawaida huileta mchezo unapoanza. Leo aliizuia, akaichemsha mara mbili, akaijaza mpaka ukingoni, na akaipitisha dirishani ikiwa ya moto kiasi kwamba Profesa alishika kikombe kwa ncha za vidole kama anayeshika mkia wa panya. Kahawa ya huku haichujwi. Lazima uingoje mashapo yake yatulie chini. Wakangoja, na kungoja kukawaongezea elimu.

Profesa sasa alirudi na habari ya joto. Wenyeji, alisema, huwasha joto kali kwenye chumba cha wageni wakati wa mapumziko, na misuli ya watu wetu hapo ndipo inapoamka. Filimbi alimwuliza mbona mwaka jana alisema joto hilohilo linawalaza.

— Mwaka jana walikuwa vijana, alijibu Profesa. Mwaka huu timu imezeeka. Kijana joto humlaza, mzee humwamsha. Nenda hospitali ukaulize.

Zege akarudi kwa Profesa. Filimbi, akiona mteja anamponyoka, akaacha marefa, akamshika kocha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema, na mpira wa kikapu unachezwa wapi kama si sakafuni, na ukingoni anasimama nani kama si kocha? Basi atazamwe taulo lake. Likiwa bega la kushoto, timu itafunga mikono. Likiwa la kulia, itafungua.

— Nimeliona kwa macho yangu likiwa kushoto.

— Alikuwa anafuta mwanasesere wa timu aliyemwagikiwa na juisi, alisema Profesa.

— Kwa bega gani?

Hapo Zege akakohoa, na wote wakamgeukia, kwa sababu bahasha ilikuwa yake. Alisema goti lake la kushoto linauma tangu saa nane mchana. Lilipouma hivi mwaka wa themanini na saba, timu ilipoteza kwa alama thelathini.

— Mwaka huo uliangukiwa na mfuko wa saruji, alisema Filimbi.

— Ndiyo. Na tulipoteza.

Zege alinywa tone la mwisho, akaweka kikombe benchini, akasimama kwa awamu mbili, goti baya kwanza. Kutoka hapo mpaka dukani, kwa goti hilo, ni dakika nne. Mapumziko yalikuwa yamebakiza saba.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Profesa, lakini kimbia.

Jagoda alihisi mtoto anamlemea begani. Aliutazama waya wa televisheni ukutani, na kwa pumzi moja akafikiri kuuchomoa. Lakini hilo lingekuwa vita, na vita huhitaji msemaji. Badala yake alisogeza pazia. Miaka miwili alikuwa amewapitishia vikombe hapo bila kuwaambia neno zaidi ya karibuni.

— Baba, alisema. Hujapindua kikombe.

Zege alisimama palepale. Maana Stanojka, miaka arobaini, hakumruhusu kumwaga msingi wa nyumba, kununua baiskeli wala kung'oa jino kabla ya kupindua kikombe kwenye kisahani na yeye kuyasoma mashapo kama mpiga ramli. Wanaume wa benchi walilicheka jambo hilo hadharani, na kila mmoja wao alishampelekea Stanojka kikombe chake kwa siri. Tangu afe, hakuna aliyepindua.

— Nani atakisoma? aliuliza Zege.

— Alinifundisha.

Mzee aliketi, tena kwa awamu mbili. Alishika kikombe, akakizungusha mara tatu, akakipindua. Profesa akavua kofia bila kujua kwa nini. Sheria ya Stanojka ilikuwa moja: kikombe hakifunuliwi mpaka kitako chake kiwe baridi. Jagoda akatoa mkono dirishani, akagusa.

— Bado, alisema.

Filimbi alitazama saa, akanong'ona kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Profesa alimwambia anyamaze, kuna kikombe. Jagoda akagusa tena.

— Bado.

Alipogusa mara ya tatu, wachezaji walikuwa wamesharudi uwanjani, mpira ulikuwa mchezoni, na duka limeshafunga hesabu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Watu wetu waliamka kama waliomwagiwa maji. Kipindi cha pili walikishinda kwa alama tisa, kama alivyosema Profesa. Filimbi zilipulizwa mpaka watangazaji wakachoka, na alama zikawa chache kuliko mchezo wowote wa msimu, kama alivyosema Filimbi. Na mchezo wenyewe tulipoteza kwa alama tano, kama lilivyosema goti. Wote watatu walikuwa sahihi, jambo ambalo benchi hilo halijapata kuliona, na wote watatu walikaa kama wafiwa. Profesa alisema nguruwe watatu wazima wamepita mbele ya macho yao wakitingisha mikia. Filimbi alisema wanne. Walisema mwanamke asiingilie mambo ya mapumziko. Walisema hivyo kwa sauti ya kusikika dirishani.

Jagoda alikuwa ameshavuka mpaka wa haya yake, na akaona aibu ya kurudi ni kubwa kuliko ya kuendelea.

— Samahani, aliuliza. Kwani mlikuwa mmekubaliana aweke ipi?

Profesa alifungua mdomo, akamtazama Filimbi. Filimbi alimtazama Zege. Zege alilitazama goti lake, ambalo nalo halikuwa na la kusema. Kutoka ghorofa ya juu alisikika mtu akikaanga pilipili hoho.

— Imebaki kahawa? aliuliza Filimbi mwishowe.

Jagoda aliinamisha birika waone. Lilikuwa tupu. Profesa akakumbuka ana miadi, Filimbi akakumbuka yuko naye kwenye miadi hiyohiyo. Zege alibaki peke yake, na kitako cha kikombe kilikuwa baridi zamani. Alikisukuma dirishani na kisahani chake.

— Haya, mkwe. Kinasema nini?

Jagoda alikifunua, akakigeuza kwenye mwanga wa jiko, taratibu, kama alivyofundishwa.

— Naona nguruwe, Baba.

— Wangapi?

— Mmoja.

Mzee akatoa bahasha, akaiweka chini ya kisahani, akasema Stanojka naye hakuwa akimwongezea hata mguu wa nguruwe, akaenda kulala bila chakula.

Asubuhi yake Jagoda alimfunga mtoto kifuani, akapanda basi la kwanza kwenda ng'ambo, akamlipa Momir pesa ya nguruwe mkononi kabla hajamaliza kuwalisha wengine. Aliporudi alipita duka la vyakula. Akanunua kahawa, si robo kama siku zote bali kilo nzima, kwa sababu Jumanne kulikuwa na mchezo mwingine, na pensheni ya mzee huingia Jumatatu.