Taya Lililong'ata Mbele ya Altare

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya yote nimeinua mkono wa kulia hapa studio, na fundi wa mitambo ananiona kupitia kioo. Mtakayosikia leo ni kweli tupu. Kweli tupu, hakuna chumvi.

Mimi ni yuleyule Afande Bob, dereva mstaafu wa jeshi, kutoka kambi ya Makenke, Mbarara. Na leo tunamkumbuka Nestor. Nestor, mwalimu wa meno wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda. Nestor, mtu aliyetengeneza taya linalong'ata. Aliugua figo, akatutoka wiki iliyopita. Mkewe, Mama Libérate, amekaa hapa pembeni yangu, na mezani ameliweka taya lenyewe.

Tuanze alikotoka. Kule Burundi, Nestor alikuwa muuguzi wa meno, Gitega. Alipokimbia aliacha nyumba, akaacha shamba la kahawa, akabeba watoto na koleo la kung'olea meno. Koleo alilifunga ndani ya sweta ya mtoto. Mama Libérate anasema mpakani askari aliliona, akalishika, kisha akashika shavu lake mwenyewe. Nestor akamng'oa jino palepale, na foleni yote ikapita bila kukaguliwa. Mimi naamini.

Nakivale, Nestor alipata kazi ya kufundisha wasaidizi wa meno kwenye kituo cha afya. Siku moja mwanafunzi wake, Alida, alivuta gego la bibi mmoja kwa nguvu, moja kwa moja juu, kama anayeng'oa muhogo. Jino likakatika, mzizi ukabaki. Shavu likavimba mpaka jicho likajifunga. Bibi alipelekwa Mbarara, hospitali, akapona. Lakini Nestor alirudi nyumbani hakula.

Alimwambia mkewe, "Mudomo ya muntu haiko fasi ya kujifunzia."

Fasi, kwao, ni mahali. Basi akaanza kutengeneza mdomo ambao si wa mtu. Alichonga taya la mti. Fizi akazikata kwenye tyubu ya pikipiki. Meno akayachonga kwa mfupa wa ng'ombe. Taya la kwanza lilikuwa kubwa kupita kiasi, mpaka kiboko mmoja wa ziwani alitoka majini akaja kulitazama dirishani. Kweli tupu, nimeshaapa. Alilipunguza, akalipunguza tena. Mwishowe akaweka springi ndani, mahali ambapo sitapataja kwa sababu Mama Libérate ananiangalia.

Sikilizeni linavyofanya kazi. Jino la kweli halivutwi tu. Linasukumwa chini kwanza, kisha linatikiswa taratibu, kushoto, kulia, mpaka lilegee. Ukifanya hivyo kwenye taya la Nestor, jino linatoka. Ukivuta moja kwa moja kama Alida siku ile, mdomo unafumba. Kacha. Vidole vyako vimo ndani. Narudia: ukikosea, mdomo unafumba. Alida aling'atwa wiki nzima. Baada ya hapo hakuna mgonjwa aliyekatikiwa jino mikononi mwake. Leo yeye ndiye anayefundisha wengine.

Sasa akaja mgeni mmoja, akalipiga taya picha, akasema wangeweza kutengeneza mengi na kuyauza mashuleni. Nestor akauliza, "Na jina itakuwa ya nani?" Mgeni akacheka. Nestor hakucheka. Shamba lake la kahawa tayari lilikuwa na mwenyewe mwingine.

Ndipo akafunga taya ndani ya kitenge, akaenda Mbarara kwa wakili Mackline. Alitaka kujua kama taya linastahili hataza. Hataza, wasikilizaji wapendwa, ni karatasi ya serikali inayosema ubunifu huu ni wa fulani, na kwa miaka ishirini hakuna ruhusa ya kuutengeneza na kuuuza bila idhini yake.

Mackline alilipenda taya. Lilimng'ata, akalipenda zaidi. Akamwambia, "Mzee, tunaangalia vitu vitatu. Kinafaa? Ni kipya? Na fundi mwingine wa kazi hiyo angekifikia kirahisi tu?"

Kuhusu kufaa, ushahidi ulikuwa Alida. Kuhusu fundi mwingine, Mackline alitafuta mataya ya kufundishia ya nchi za nje, akayakuta mengi. Mengine yanawaka taa mwanafunzi akikosea, mengine yanapiga kengele. Linalofumba mdomo hakuliona. Alimuuliza mtaalamu wa meno pale mjini, naye akasema wote wamefikiria kumwonya mwanafunzi, hakuna aliyefikiria kumng'ata.

Likabaki la upya. Mackline akauliza, "Umewahi kulionyesha hadharani?"

Nestor akatabasamu. "Sana, madamu. Kanisani. Kanisa nzima."

Mackline akaweka kalamu chini.

Niwaeleze. Kwenye misa ya shukrani, Warundi wa Nakivale hupeleka altareni mazao ya kwanza. Huyu maharage, yule mahindi, mwingine jogoo aliyefungwa miguu. Mwaka ule Nestor hakulima. Alichovuna ni taya. Akalibeba kwenye kikapu, akaliweka mbele ya altare, na katekista Gasore, anayepokea vipaji, akataka kujua kama meno yale yanang'oka. Akavuta. Moja kwa moja. Kacha. Kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa matoleo, na mpaka leo wenye masikio mabaya wanaamini Gasore aliimba sauti ya tatu.

"Tatizo iko hapo, mzee," Mackline akamwambia. "Kitu kikishaonyeshwa kwa watu wote, kipya tena si kipya. Unaweza kuwa umekigawa bure."

Nestor akarudi Nakivale, taya mapajani. Aliona ameshatoa sadaka kweli kweli, na sadaka hairudishwi. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Hakuona atapata wapi nguvu ya kubuni kingine.

Mama Libérate alimpa chai, akamwambia, "Ulipelekea Mungu. Hukupelekea duka. Ngoja yule mama amalize kazi yake."

Na Mackline aliimaliza. Sheria, alisema, inampa mwenye ubunifu nafasi ya mwaka mmoja tangu alipouonyesha mwenyewe, na mwaka ulikuwa haujaisha. Huo ni mlango mmoja. Lakini alitaka na wa pili. Jumapili akaja Nakivale, akasimama nje ya kanisa watu wakitoka, akauliza kila mmoja, "Ile taya inang'ataje?"

Mzee mmoja akasema kuna betri. Mama mmoja akasema mtego wa panya, aliusikia kwa sauti. Mwingine akasema ni mambo ya padri, yeye hayaingilii. Benon, fundi pikipiki, akasema springi, lakini akaiweka mahali ambapo, kwa mujibu wa Mackline, mdomo ungefunguka badala ya kufumba. Gasore alionyesha kidole chake tu. "Miye najua fasi ililuma," akasema. "Namna gani iliniluma, uliza mwenyewe."

Mackline akamgeukia Nestor. "Umesikia, mzee? Waliona inang'ata. Kutengeneza, hakuna anajua. Hiyo bado ni yako."

Bado ni yako. Nestor alimwomba aseme tena.

Ripoti ikaandikwa: taya linastahili kuombewa hataza. Ombi likapelekwa Kampala, kwenye ofisi ya hataza, jina moja juu yake. Jibu bado tunalisubiri, na wakili anasema dalili ni nzuri. Nestor alisomewa ripoti hiyo kitandani. Alitaka kusikia ukurasa wenye jina tu. Nyingine akasema wasome wanasheria.

Mama Libérate, watoto, mwalimu Alida, waumini wote wa Nakivale, poleni sana. Mungu ampumzishe Nestor mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo: ni kitu gani umekibuni kwa mikono yako, nawe unakiona si kitu? Kionyeshe kwa mtu anayejua kukipima.

Na ile springi, niseme tu kabla sijafunga, mimi ndiye niliyemwambia, Nestor, weka springi. Ilitoka kwenye pikipiki yangu.

"Afande Bob."

Ni Mama Libérate huyo, wasikilizaji wapendwa.

"Wakili alituuliza nani alifikiria. Tuliandika jina moja. Sasa unasema kwa redio ni mawili?"

"Mama, ni mazungumzo tu."

"Kampala wanasikia mazungumzo? Pikipiki yako ilikuwa na springi gani? Hata magurudumu haikuwa nayo."

Fundi wa mitambo anacheka huko nyuma ya kioo. Nasahihisha. Springi Nestor aliinunua sokoni. Wazo lilikuwa la Nestor. Narudia: wazo lilikuwa la Nestor.

"Haitoshi. Leta kidole."

Amelisogeza taya karibu na maikrofoni. Anataka nivute gego bila kutikisa. Mama Libérate, mimi ni mzee... Haya. Navuta.

Kacha.

Mmesikia hiyo, wasikilizaji wapendwa. Hiyo ni ya Nestor. Ya Nestor peke yake.