Bartolomeo Rafaeli, Fundi Aliyeondoa Harufu Kwenye Boti

Ndugu, jamaa, majirani wa Kasokola, na nyie mliotoka Karema na Ikola kwa barabara hii ya matope, familia inawashukuru kwa kufika. Tunayemzika leo ni baba yetu, Bartolomeo Rafaeli, fundi wa mabomba ya meli na boti. Mimi ni Immaculata, binti yake wa kwanza. Mama ameniagiza nisome kwa sauti ya juu, kwa maana marehemu hakuvumilia mtu anayesema jambo la maana kwa kunong'ona.

Marehemu alizaliwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 24 Agosti 1931, mtoto wa tatu wa Mzee Rafaeli, seremala, na Mama Suzana. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, hivyo padri hakuhangaika kutafuta jina. Bibi yetu Suzana alisimulia hadi uzee wake kwamba mtoto huyu alikataa maziwa yaliyoanza kuharibika kabla mtu mwingine yeyote hajahisi kitu. Wageni walipokuja, alimwita jikoni, akamfunulia chungu cha maharage ya jana, akamwambia, "Nusa, mwanangu. Tuwape wageni au tuwape kuku?" Alichosema mtoto ndicho kilichofanyika.

Alisoma shule ya misheni hapo Karema kuanzia mwaka 1940 hadi 1946. Alipenda hesabu na alichukia kuimba, na walimu wake walikubaliana naye katika yote mawili. Baada ya hapo alimsaidia babu karakanani kwa miaka michache, lakini mbao hazikumshika moyo. Alichopenda kutazama ni meli zilipotia nanga: maji yanaingiaje, yanatokaje, na kwa nini meli hazizami nayo.

Mwaka 1951 alikwenda Kigoma, akapata kazi ya kubeba vyuma katika karakana ya bandari. Huko alijifunza kukata bomba, kukunja bomba, na kufunga vali. Mwaka 1957 alipandishwa akawa fundi kamili, na kuanzia hapo alishughulikia pampu, matangi na vyoo vya meli mpaka alipostaafu mwezi Juni 1986. Wenzake walimwita Mzee Pua. Akiingia chumba cha chini cha meli alisimama kwanza, akavuta hewa, ndipo akaomba spana. Yeye mwenyewe hakuona kichekesho chochote katika jambo hilo. Alisema, "Daktari anaanza kwa kuuliza wapi panauma. Meli haiwezi kusema, inanuka."

Tarehe 10 Mei 1958 alifunga ndoa na mama yetu, Lucia, binti wa Kasansa, katika kanisa la Karema. Mama anasema siku ya kwanza marehemu alipokwenda kujitambulisha kwao, alinawa mikono kwa sabuni mara nyingi kiasi kwamba shangazi wa mama alidhani kijana ni mgonjwa. Kumbe alitoka kwenye tangi la meli, na hakutaka wakwe wajue. Walijua. Walimpa binti yao hata hivyo. Mungu aliwajalia watoto wanne, na mmoja wao, Rafaeli, alitangulia mbele ya haki akiwa mdogo, mwaka 1966. Marehemu hakuwahi kuacha kumtaja alipohesabu watoto wake.

Baada ya kustaafu, wazazi wetu walihamia hapa Kasokola mwaka 1987, wakalima mahindi na karanga. Sisi watoto tulidhani mambo ya mabomba yamekwisha. Kumbe kazi ambayo wengi wenu mnamfahamu kwayo ilikuwa bado mbele.

Mwaka 1994 Sadalla, mwenye duka la vitambaa pale sokoni Mpanda, alinunua boti ya zamani yenye chumba cha abiria kilichofungwa, choo ndani, na tangi la uchafu chini ya sakafu. Aliiweka Karema ibebe wasafiri na wagonjwa wa vijiji vya mwambao. Boti ilikuwa imara na injini yake nzuri, lakini chumba kilinuka. Kilinuka hata choo kikiwa kimesafishwa asubuhi hiyo hiyo. Sadalla alimwaga dawa, akafukiza udi, akabadilisha sinki, akapaka rangi. Harufu ikarudi kila mara. Abiria walilipa nauli, kisha wakapanda kukaa juu ya paa.

Siku moja mwezi Oktoba, karibu na Ikola, upepo ulivuma wakati paa limejaa watu. Boti ikalala upande. Mwanaiddi, mke wa Sadalla, alikuwa huko juu pamoja na wengine, akaanguka majini. Nahodha Safari alizima injini, akajitosa, akamshika kwa kitenge na kumtoa. Hakuna aliyekufa. Lakini Mwanaiddi aliposhuka nchi kavu aliapa kuwa hatakanyaga tena chombo kile, na Sadalla akaamua kukiuza.

Alipokuwa anatafuta mnunuzi, mtu mmoja wa Kigoma alimwambia: kabla hujauza, mtafute Mzee Pua, yuko Kasokola. Sadalla akaja hapa nyumbani. Marehemu alikuwa shambani na jembe mkononi.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Sadalla. Nina boti inanuka."

"Marahaba. Inanuka ikiwa imesimama, au ikiwa inakwenda?"

Sadalla anasema alisimama pale akashangaa, maana tangu apate tatizo hilo hakuna aliyewahi kumwuliza swali. Wote walimpa majibu. Akafikiri, akasema, "Zaidi ikianza kutikisika. Na choo kikivutwa maji."

"Na abiria wanakaa wapi?"

"Juu ya paa, mzee."

Marehemu akaweka jembe chini. Mama, aliyekuwa karibu, anasema uso wake ulibadilika. "Mwanangu," akamwambia Sadalla, "harufu haiui mtu. Lakini inampandisha juu ya paa, na paa ndilo litakalomuua. Usibebe mtu hata mmoja mpaka nifike."

Alikwenda Karema kesho yake kwa lori la chumvi, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu. Hakutaka kusikia habari ya malipo, akasema atakula samaki wa kwao na kulala kwa dada yake, inatosha.

Kule alifanya jambo ambalo Safari hulisimulia mpaka leo. Alichemsha maji, akalowesha kitambaa safi, akakikamua, akakizungushia mpira mnene unaotoka chooni kwenda kwenye tangi. Akakiacha kipoe. Kisha akakinusa, akampa Safari naye anuse. Kitambaa kilinuka choo, ingawa hakikugusa uchafu wowote.

"Mpira huu umelewa," akasema. "Umenyonya uchafu mpaka umetokea nje. Unaweza kuusugua mwaka mzima. Uchafu hauko juu yake, uko ndani ya ngozi yake."

Akalala kifudifudi, akaonyesha mahali ambapo mpira ule ulilegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, maji machafu yakabaki hapo bila kufika kwenye tangi. Mwisho akatafuta bomba dogo la hewa linalotoka kwenye tangi hadi nje ya boti. Aliingiza waya. Ukatoka udongo mkavu: nyigu walikuwa wamejenga humo, wakaliziba kabisa.

Hapo ndipo alipowaeleza Sadalla na Safari maneno ambayo mafundi wa mwambao wanayajua kwa moyo. "Uchafu ukipata hewa, unaoza kwa upole. Ukinyimwa hewa, unaoza kwa hasira. Tangi lenu lilikuwa halipumui nje. Kila mkivuta maji chooni, hewa yake mbaya ilikosa njia, ikarudi chumbani kwa abiria."

Sadalla alitaka kumlaani fundi aliyefunga mabomba yale. Marehemu alimkatiza. "Nyigu hawakuwepo siku aliyofunga. Tufanye kazi."

Waliagiza mpira mzito wa melini kutoka Kigoma. Ulipofika, marehemu aliufunga ukiwa na mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho, akaushikiza ili usilegee. Alipanua bomba la hewa, akaongeza la pili upande wa pili wa boti ili upepo upite juu ya tangi, na yote mawili akayafunika wavu mdogo kwa ajili ya nyigu. Akamfundisha Safari kuvuta maji ya kutosha kila choo kinapotumika, ili uchafu usilale njiani, na kumwaga tangi kwenye shimo la bandarini, kamwe si ziwani, maana watu wanachota maji humo. Kila hatua alimwachia Safari afunge nati mwenyewe.

Kisha akakataa boti ibebe abiria kabla ya kujaribiwa, na akasema anayefaa kuijaribu ni Mwanaiddi. Sadalla alimwambia haiwezekani. Marehemu akaenda mwenyewe kwa Mwanaiddi, akaketi.

"Mama, sikuombi upande kwa sababu mumeo anataka. Nakuomba kwa sababu wewe ndiye unayeijua ilivyokuwa. Ukisema bado inanuka, nitaifungua upya."

"Na ikiyumba, mzee?"

"Ikiyumba utakuwa ndani, chini, siyo juu. Na mimi nitakuwa kando yako."

Mwanaiddi alipanda. Milango na madirisha vilifungwa, choo kikavutwa maji, boti ikaelekea Ikola katika mawimbi ya kawaida ya mchana. Alikaa ameshika kiti kwa mikono miwili. Baadaye mkono mmoja ukaachia. Walipokaribia Ikola, Sadalla aligeuka kumwuliza vipi, akamkuta mkewe amelala usingizi, kichwa kimeegemea ukuta wa choo. Marehemu akaweka kidole mdomoni, asiamshwe.

Kuanzia hapo wenye boti walikuja Kasokola mmoja baada ya mwingine. Aliwajibu wote. Aliyekuwa na kipande cha bomba alikileta, aliyekosa alichora mchangani. Mama alilalamika akicheka kwamba nyumba yake imekuwa bandari isiyo na maji. Hakuna aliyeondoka bila jibu, na kama marehemu hakujua, alisema hajui, kisha akalifikiria swali hilo kwa wiki nzima wakati wa palizi.

Mwezi Julai 1997 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema ni moyo. Alitibiwa Mpanda, akapata nafuu, lakini mvua zilipozidi mwishoni mwa mwaka hali ikawa mbaya tena. Mwezi Januari Sadalla na Mwanaiddi walikuja kumwona hapa nyumbani.

"Mzee," Sadalla alisema, "miaka yote hii sijakushukuru inavyostahili. Mke wangu yuko hai."

"Aliyemtoa majini ni Safari."

"Safari alimtoa siku moja. Wewe umezuia asianguke mwingine."

Marehemu akasema, "Nimepokea. Ahsante. Sasa na wewe, mtu akikuuliza habari ya mabomba, mjibu. Usimwambie aje Kasokola."

"Mimi ni mwuza vitambaa, mzee."

"Kitambaa cha moto unakijua. Bomba la hewa unalijua. Mjibu."

Mwanaiddi akajibu badala ya mumewe: "Atajibu, baba. Akisahau, nitajibu mimi."

Baba yetu alifariki dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Februari 1998, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama. Alikuwa amepokea sakramenti siku iliyotangulia, na alikuwa ametulia.

Ameacha mjane, Lucia. Watoto watatu, yaani mimi Immaculata, Sylvanus aliye Kigoma, na Suzana. Mkwe wake Ng'washi wa Mwamkulu, ambaye alimpenda kama mwana. Dada yake huko Karema. Na wajukuu ambao aliwafundisha kunusa maziwa kabla ya kuyanywa.

Kwa wale mliozoea kufika hapa na maswali yenu, familia inawaarifu hivi: Safari yuko Karema kwenye boti, na Sadalla na Mwanaiddi wako dukani kwao sokoni. Waulizeni. Watawajibu.

Baba, umefanya kazi ya kutosha. Mungu akulaze katika amani yake.